Kisu Kisicho na Ncha

Wiki iliyopita alinijia nyumbani Bombambili binti mmoja anaitwa Veronika. Ni mtu wa Mpitimbi kama mimi, na ameajiriwa juzi kwenye kazi niliyoifanya mpaka magoti yakagoma, ya kuzamia bwawani kusafisha banio. Banio ni pale mdomo wa bomba kubwa unapochukua maji ya kupeleka mjini. Umezibwa kwa nondo ili magogo yasiingie, na magogo yakikosa pa kuingia yanalala hapohapo mlangoni, basi lazima mtu ashuke kuyaondoa. Binti akanipa shikamoo, akakataa soda, akatoa simu. Kwenye simu kulikuwa na picha za visu vingi, vyeusi, vya rangi ya chungwa, vingine vimetobolewa matundu kwenye bapa sijui ya kupitisha nini. Akaniuliza, "Babu, ninunue kipi?"

Nikavaa miwani, nikawa napekua zile picha kwa kidole kimoja huku nimekunja uso kama mtaalamu. Ukweli nilikuwa natafuta kimoja tu, nione kama bado kinauzwa. Na kipo. Nilipokiona nilicheka mpaka chai ikanipalia, na Veronika akadhani hicho ndicho nilichomchagulia.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mnaofanya kazi za majini, wewe Veronika pamoja na wenzako wa vivukoni na wale wanaozamia mitoni huko Tunduru. Msidhani naandika kwa sababu nilikuwa hodari. Aliyekuwa hodari ni mtu mwingine, nitamtaja, ila yeye hakuacha maandishi. Mimi nilichojaliwa kwa wingi ni makosa, na nimeona si vizuri nifukiwe nayo yote nikiondoka.

Nianze na hicho kisu cha kwenye simu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kuelewa wazimu uliotushika. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni. Ghafla pale sokoni Songea mtu anatandika turubai chini, na juu yake kuna saa zinazoimba, kalamu zenye taa, miwani ya jua ya kila sura, na katikati ya vyote hivyo kisu kimelala peke yake kama bwana harusi.

Kilikuwa kirefu kutoka kiwiko changu mpaka kifundo cha mkono. Mgongo wake ulikuwa na meno ya msumeno, ncha yake ilikuwa kali kama sindano ya kushonea magunia, na mpini ulikuwa mtupu ndani, una kifuniko cha kuzungusha chenye dira juu yake. Ukifungua kifuniko unakuta njiti za kiberiti, uzi, sindano, ndoano mbili na kikaratasi cha maelezo ambacho hakuna mtu Songea nzima aliyeweza kukisoma. Muuzaji akaniambia, "Mzee, ukiwa na kisu hiki hata wakutupe katikati ya bahari unatoka." Sikujiuliza ni nani angenichukua kutoka Songea akanitupe katikati ya bahari. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mtu mzima ameniita mzee mbele ya watu. Hapo biashara ilikuwa imekwisha.

Fedha sikuwa nayo, basi nikarudi nyumbani nikachukua redio yetu, tukabadilishana. Mke wangu Skola alikipokea kile kisu, akakigeuza huku na huku, akakisogeza sikioni. Akaniuliza, "Taarifa ya habari kinasoma saa ngapi?" Kwa miaka miwili iliyofuata tulisikiliza habari tukiwa tumesimama dirishani kwa jirani, na kila zilipoisha Skola alimshukuru jirani kwa sauti ya juu ili nisikie.

Mtauliza nilitaka kukifanyia nini. Nilitaka kupigana na mamba. Nilikuwa na picha kichwani kabisa, mimi na mamba, maji yanachemka, halafu naibuka na kisu mdomoni. Katika miaka yote niliyozamia, mamba niliyekutana naye ni mmoja, mdogo, wa kijani, ameshonwa kifuani kwenye fulana ya mtumba. Adui wa mzamiaji si mamba, wanangu. Adui ni kamba, na anayefuata ni haraka yako mwenyewe.

Hilo aliniambia Mzee Rashidi siku ya kwanza kazini, na mimi nikaitikia "ndiyo Mzee" huku nawaza mamba. Mzee Rashidi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu majini. Alikuwa Myao wa Tunduru, upande wa Mbesa, mtu mfupi, mkimya, mwenye kifua kipana kuliko mlango wa ofisi yetu. Alijifunza kuzamia mtoni akiwa mtoto, na alipokuja Songea akakuta mji mzima hauna mtu wa kushuka kwenye banio. Aliswali alfajiri, akala mihogo yake, akafika kazini kabla ya kila mtu. Kabla ya kuingia majini alisema "Bismillahi", akagusa kifua mahali kisu chake kilipo, akashuka. Sikuwahi kumwona akishuka bila kisu hicho, isipokuwa siku moja, na siku hiyo nitaieleza.

Kisu chake kilikuwa kichekesho. Alikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha springi ya gari, urefu wa shibiri moja, bapa nene. Nusu ya makali ilikuwa laini, nusu nyingine aliichonga meno kwa tupa, moja moja. Chuma kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho, na mpini aliuzungushia kamba nyekundu. Mwishoni palikuwa na kitanzi cha mpira wa baiskeli cha kuvaa mkononi, kipana kiasi kwamba ukitaka kukivua unavuta tu mkono. Kituko chenyewe kilikuwa kwamba hakikuwa na ncha. Aliikata akaisugua mpaka mwisho wa kisu ukawa butu kama kijiko. Siku nilipomwonyesha changu alikitazama kwa heshima kubwa, akauliza, "Hii ncha ni ya kumchoma nani?" Nikasema mamba. Akasema, "Inshallah," akaendelea kula mihogo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi nilichelewa sana kulielewa, maana ndiyo siri ya kuchagua kisu cha majini. Usianze kuangalia kisu. Anza kuangalia kitu utakachokikata. Zamani takataka za kwenye banio zilikuwa gunia la katani, kamba ya katani, mgomba, mabua ya mahindi. Vitu hivi vikikaa majini vinaoza, na ukivigusa kwa kisu chochote cha jikoni vinaachia. Ruksa ilipokuja na takataka nazo zikabadilika. Zikaja kamba za manila, viroba vya plastiki, mifuko ya mbolea, nyavu za nailoni. Hivi haviozi. Makali laini yakipita juu ya manila iliyolowa yanateleza tu, unakata kama unayemkuna mtu mgongo. Mzee Rashidi aliliona hilo mapema, akachukua tupa akachonga meno. Mimi niliona dira.

Kwa hiyo ukienda dukani, Veronika, beba kipande cha manila kilicholowa maji. Mwambie muuzaji akishike vizuri, ukate. Kama kisu hakikati kwa kuvuta mara tatu, mshukuru, ondoka. Akikasirika ondoka haraka zaidi.

Kile changu sikukijaribu. Wiki ya kwanza kilipata kutu, ingawa kwenye bapa kulikuwa na maandishi makubwa ambayo kila mtu aliniambia maana yake ni chuma kisichoshika kutu. Wiki ya pili maji yaliingia kwenye mpini, njiti za kiberiti zikawa uji. Dira niliitumia mara nyingi sana, kwenye bwawa ambalo ukisimama ng'ambo hii unamwona mtu wa ng'ambo ile anachimba pua. Nilikivaa kwenye shavu la mguu kama nilivyoona kwenye picha. Kila nilipoinama kukishika nikiwa majini, miguu ilipanda juu na kichwa kikaenda chini, na Mzee Rashidi akawa ananisubiri nigeuke.

Wiki ya tatu kilifanya kazi yake ya kwanza. Chombo chetu cha kuelea kilikuwa mbao tatu zilizofungwa juu ya tyubu za lori. Nilirukia mbaoni kwa mbwembwe, ncha ikapenya ala, ikapenya tyubu. Ilitoa mlio mrefu wa aibu. Tuliogelea mpaka ukingoni, na chakula chetu cha mchana, ugali na dagaa wa Nyasa, kikabaki chini na samaki wenzake. Mzee Rashidi alikamua kanzu yake ya kazini. Halafu akasema, "Umemchoma." Nikauliza nani. Akasema, "Mamba."

Kuna jambo moja lazima niliseme kabla sijafika kwenye siku yenyewe. Mimi nimelelewa na bibi yangu, mama mzaa baba, kule Mpitimbi. Bibi alikuwa na makatazo yake, na moja aliloliimba kila siku lilikuwa la kisu. Kwetu kisu hakitoki mkononi kwa mtu kwenda mkononi kwa mwingine. Unakiweka chini, unaondoa mkono, mwenzako anakiokota. Ukimpa mkononi mtagombana, undugu utakatika. Nilichapwa kwa hilo mara mbili kabla sijaanza shule. Likaniingia kwenye mifupa, kiasi kwamba hata leo ukininyooshea kisu, mkono wangu unarudi nyuma wenyewe kabla sijafikiri. Mzee Rashidi aligundua mapema, akawa ananiwekea vitu vya makali ubaoni bila kuuliza, maana aliheshimu malezi ya mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imenyesha siku nne. Bwawa limejaa, maji yana rangi ya uji wa ulezi, ukizamisha mkono huoni kiwiko. Mji ulikuwa siku ya pili bila maji, na wagonjwa hospitalini walikuwa wanachotewa kwa ndoo. Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Bi Tekla, mtunza pampu, mama wa Kimatengo kutoka Mbinga, sauti yake ya kuongoza kwaya. Kazi yake ilikuwa kuzima pampu, kushika kamba ya usalama ya anayezama, na kuangalia kompresa. Hiyo kompresa ilikuwa ya kupulizia rangi magari, tukaunganisha mpira mrefu, mwisho wake kipande cha kung'ata mdomoni. Msicheke, hicho ndicho kilikuwa kifaa chetu cha kisasa. Mpira ulikuwa mmoja, kwa hiyo alishuka mtu mmoja mmoja. Na hewa ilikuwepo muda wote petroli ikiwepo.

Nilishuka wa kwanza, na kisu changu. Nikakuta manila imejizungusha kwenye nondo. Makali yakateleza. Nikageuza, nikatumia ule msumeno wa mgongoni, nikasukuma, nikapinda, nikasikia tu mkono umekuwa mwepesi. Bapa limekwenda zake matopeni, mimi nimebaki na mpini. Nikaibuka nao. Bi Tekla, ambaye huniita kwa jina la binti yangu wa kwanza, alinitazama pale nilipokuwa nimeshika ule mpini na dira yake inazunguka, akasema kwa upole, "Haya Baba Anna, sasa angalau kaskazini unaijua."

Mzee Rashidi akatoa kisu chake, akakiweka ubaoni. Nikakiokota, nikashuka tena. Manila ile ilikatika kwa kuvuta mara mbili, niseme kweli nilisikia wivu. Nikaondoa magogo, nikaondoa mifuko, nikabakiza kiroba kimoja chini kabisa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupanda kusimulia. Nikaibuka, nikaweka kisu nyuma yangu ubaoni, nikatupia shati juu yake. Mzee akavaa mpira. Akagusa kifua, akakuta ala tupu, akanitazama. Nikamwambia, "Mzee, pamebaki kiroba kimoja tu, cha kuvuta kwa mkono. Kisu cha nini?" Alikuwa amechoka, amefunga tangu alfajiri kwa sababu ilikuwa Ramadhani. Akashuka. Hilo ndilo kosa lake pekee kazini ninalolijua, kwamba siku hiyo alinisikiliza mimi.

Chini ya kile kiroba kulikuwa na wavu wa nailoni. Mtu alikuwa amevua pale kwa kuiba, mafuriko yakausukuma kwenye banio, ukajikunja. Mzee alipovuta kiroba wavu ukafumuka, ukamchukua miguu yote miwili na mkono wa kulia.

Sisi juu tuliona kamba inatingishika. Tingisho moja maana yake nipo salama, matatu nivuteni. Haya hayakuwa na idadi. Bi Tekla akavuta, kamba ikakaza kama imefungwa mtini. Akainama kwenye kompresa, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti, akakitazama. "Petroli imebaki vidole viwili," akasema. Galoni la akiba lilikuwa kituoni, na kwenda tu ni zaidi ya robo saa ukikimbia. Aliyepaswa kulibeba asubuhi alikuwa mimi. Sikulibeba kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika kisu.

Niliogopa, wanangu. Naandika hivi ili mjue. Nikachukua kisu cha Mzee, nikavuta pumzi, nikashuka nikiifuata kamba, mita nne, gizani. Nikagusa kichwa chake, bega lake, ule mkono uliofungwa. Kisha mkono wake wa kushoto ukanipata, ukapapasa wangu mpaka kwenye kisu, ukaachia, ukafunguka. Nilimwelewa mara moja. Alitufundisha kwamba chini ya maji mwenye hewa ndiye mwenye kukata. Hewa alikuwa nayo yeye. Mimi nilikuwa na kifua kimoja tu cha pumzi. Alichotaka ni kisu kiingie kwenye kile kiganja kilichofunguliwa mbele yangu.

Na mimi, mtoto wa Mpitimbi niliyelelewa vizuri, nikakiweka chini.

Palikuwa na kizingiti cha zege pembeni ya nondo. Nikakilaza pale, nikapigapiga zege mara mbili kama tunavyomwashiria mwenzetu kwamba chukua, nikaondoa mkono, nikapanda juu nimeridhika kabisa.

"Umempa?" akauliza Bi Tekla.

"Nimempa."

Bi Tekla alinitazama usoni. Kumbe Mbinga nako wana mabibi. "Umempa mkononi?"

Kompresa inaunguruma, mvua inaanza tena.

"Baba Anna," akasema polepole, "umemwekea chini?"

Hakusubiri jibu. Alinisukuma majini kwa mguu.

Nilipofika chini kizingiti kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amepapasa kutafuta, akakigonga kwa vidole, kikadondoka matopeni. Mkono wake wa kushoto ulinikuta sikioni. Alilishika, akalipinda, akaliachia, na katika maisha yangu sijawahi kuambiwa jambo kwa ufasaha namna ile. Nikapapasa matope mpaka kifua kikawaka moto. Nikapanda. Bi Tekla alikuwa ameanza Salamu Maria, na kati ya Salamu moja na nyingine akasema, "Kidole kimoja."

Mara ya tatu sikutumia mikono. Niliteremka miguu ikiwa chini, nikawa nakanyagakanyaga matope kwa nyayo tupu mbele ya kizingiti. Nikakikanyaga kwa kisigino chote, kwa uzito wangu wote. Kingekuwa kile changu, kingetokea upande wa pili. Kile cha Mzee kililala tu chini ya mguu wangu, butu kama kijiko, kikingoja nikiokote. Nikainama nikakishika. Nikatafuta kiganja chake, bado kilikuwa wazi. Nikaweka mpini ndani, nikakunja vidole vyake juu ya mpini, kimoja kimoja, halafu nikaifunika ile ngumi kwa mikono yangu yote miwili, nisije nikafanya tena ujinga wowote. Nikasikia mkono wake unaanza kukata. Nililia chini ya maji, jambo lisilo na faida maana hakuna anayeona.

Nilipoibuka, kompresa ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Bi Tekla naye akaiacha Salamu yake katikati. Tulibaki tunaitazama kamba. Sijui ilikuwa muda gani, mimi niliuona mrefu kuliko ndoa yangu. Kisha kamba ikalegea, na kichwa cha Mzee Rashidi kikatokea kando ya tyubu, nyuzi za nailoni zinaning'inia shingoni, kisu mkononi.

Tulimpandisha. Alilala ubaoni, akakohoa maji yote aliyokunywa. Alipopata sauti aliuliza, "Benedikto. Uliniwekea chini?"

"Ndiyo, Mzee."

"Chini wapi?" akasema. "Chini si tulikuwa tumeshafika?"

Bi Tekla alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka, na Mzee hakucheka. Siku nzima hakunisemesha tena, na jioni alikwenda nyumbani kwake akichechemea, miguu imechanwa na nyuzi. Usiku ule nilimweleza Skola yote. Hakunitania hata neno moja, na hapo ndipo nilipojua ilikuwa kubwa kiasi gani. Nilikuwa nimefanya kama bibi alivyosema ili undugu usikatike, na nilikuwa karibu kumuua ndugu yangu.

Asubuhi nilikwenda kwake na jogoo. Alitoka mlangoni, akampokea jogoo, akampeleka nyuma. Akarudi na kile kisu. Akakishika kwa bapa, mpini akauelekeza kwangu. "Pokea," akasema. Mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe, macho yakatafuta sakafu. "Pokea, bwana. Mimi nitasimama hapa mpaka adhana." Nikapokea. Akauliza, "Undugu umekatika?"

Nikafikiri. Nikasema, "Bado."

"Basi nirudishie."

Nikamrudishia mkononi. Akapokea, akanipa tena. Tulifanya hivyo mara kumi pale mlangoni, watu wakipita wanatuangalia. Na kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla ya kuingia majini, hata tukiwa tumenuniana, alinipa kisu mkononi na mimi nikamrudishia. Aliuliza swali lake, nikajibu bado. Baadaye nilichonga changu cha springi, kikiwa na meno, hakina ncha. Kukata ile ncha kulinichukua Jumamosi nzima, na Skola alinishikia upande mmoja. Mwaka Mzee aliostaafu nilimsindikiza stendi, basi la Tunduru limeshawasha injini. Akatoa kile chake ndani ya koti, akaninyooshea dirishani, akauliza undugu umekatika. Nikajibu bado, basi likaondoka kabla sijamrudishia. Sikumwona tena. Alifariki kwenye mikorosho yake, watu wakaniambia alikuwa anapogoa tawi, na mimi nilifika siku ya arobaini.

Basi Veronika aliposubiri jibu la kisu gani anunue, nilimweleza niliyowaeleza ninyi. Kiwe kifupi, kiwe na meno nusu, chuma kipite kwenye mpini wote, kamba nyekundu, kivaliwe kifuani mahali ambapo mkono wowote unafika, na ncha kata. Nikaona anaandika kwenye simu. Nikamwambia aache kuandika. Nikaingia ndani, nikakitungua kile cha Mzee juu ya mlango wa jikoni, ambako Skola hukipaka mafuta kila Jumapili bila kuambiwa. Nikatoka, nikamnyooshea.

Veronika alisimama wima kwa adabu, mikono nyuma, akaitazama meza. Alikuwa ananisubiri nikiweke. Bibi yake na bibi yangu walichota maji kisima kimoja.

Nilicheka, lakini sikukiweka. Nikabaki nimenyoosha mkono. Chai ikapoa, bodaboda zikapita, mkono ukaanza kuniuma begani, sikuushusha. Mwisho akatoa wa kwake mgongoni, akaufungua. Niliweka mpini ndani yake, nikamkunja vidole, kimoja kimoja, nikaifunika ile ngumi kwa mikono yangu yote miwili.

"Undugu umekatika?" nikamuuliza.

Akaitazama ngumi yake, kisha akanitazama mimi.

"Bado," nikamwambia. "Unajibu bado. Haya, nirudishie, tuanze upya."